Humu Tumejaa

Komeo lilikuwa limefungwa. Hilo ndilo lililomfanya fundi Dutch azime mashine yake, ateremke shimoni kwa magoti na kulipangusa udongo kwa kidole gumba. Kukuta komeo la chuma ardhini si ajabu. Ardhi ya Oklahoma hutapika kila kitu kilichowahi kuanguka juu yake. Lakini hili lilikuwa bado na kipande cha ubao upande huu na kipande cha ubao upande ule, na ulimi wake ulikuwa umesukumwa mpaka mwisho, kama wa mlango wa mtu aliyelala ndani.

"Nimechimba mashimo mia nne katika kaunti hii," Dutch alimwambia mwenye nyumba, "na nimekuta kila kitu isipokuwa mafuta."

Corwin Haskett, mwenye nyumba, alicheka. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule, mtu mnene mpole asiyependa kuchelewesha mafundi wenzake. Alikuwa amefuata kila utaratibu. Kabla ya kuchimba alipiga simu ile ambayo sheria inakutaka upige, na makampuni matatu yakatuma watu watatu kuchomeka bendera juu ya mabomba na nyaya zilizozikwa: njano ya gesi, nyekundu ya umeme, buluu ya maji. Kwa wiki nzima uwanja wake ulifanana na mkutano wa nchi tatu zisizoelewana. Lakini kwa kilichokuwa chini ya gereji yake, hakuna aliyechomeka bendera.

Dutch alilitupa komeo kwenye rundo la zege lililovunjwa, akaendelea na kazi. Kufikia jioni sanduku la chuma lilikuwa limezamishwa kwenye sakafu ya gereji, zege limemiminwa pembeni, na kifuniko chake kikitembea kwenye reli kama droo ya kabati. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, magoti kwa magoti, na ukutani kibati kilichoandikwa: WATU SITA.

Watu wa zamani wa mji wa Pruett huliita sanduku kama hilo, la kujifichia chamchela, shimo la woga. Chamchela wa huko si yule wa kuzungusha majani makavu uani; ni yule anayebeba paa pamoja na mwenye paa. Mtu asiye na shimo huulizwa habari zake kwa sauti ile ile anayoulizwa mtu mwenye mtoto wa kiume wa miaka arobaini asiyeoa.

Usiku ule, Marvene, mke wa Corwin, alimkuta mama mkwe wake amesimama mbele ya rundo la zege, mikono juu ya kigari chake cha kutembelea. Mama Opaline alikuwa na miaka themanini na mitatu, na nyonga iliyovunjika miaka miwili nyuma ndiyo iliyomleta kuishi nao. Alikuwa akilitazama lile komeo.

"Mama, utapata baridi."

"Hapa palikuwa shamba la nani, Marvene, kabla ya hizi nyumba?"

"Sijui, Mama. Corwin anasema palikuwa na miti ya njugu za pikani. Ndiyo maana mtaa unaitwa Pikani."

"Huwa wanaukata mti, kisha wanaupa barabara jina lake," alisema bibi kizee, akageuza kigari. Chai yake ya usiku hakuinywa.

*

Jumanne Corwin alikwenda ofisi ya mji kulisajili shimo. Usajili una maana yake: nyumba ikikuangukia, zimamoto hufungua orodha, wakajua pa kuchimba na watu wangapi wa kuwatafuta. Dirishani alikaa Bi Priddy, aliyekuwa na kalamu sita na hakuazimisha hata moja.

"Idadi ya wakaaji?"

"Sita. Sisi watatu, na Tressa, jirani wa nyuma, na pacha wake wawili. Anakaa nyumba ya magurudumu, upepo ukipiga chafya tu inaondoka. Nimemwahidi."

"Anaishi kwako?"

"Anaishi nyuma ya uzio."

"Basi si mkaaji."

"Lakini chamchela akija atakuwa kwangu."

"Akija, atakuwa mgeni," alisema Bi Priddy. "Fomu haina sehemu ya wageni."

Corwin akaandika tatu. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

Tressa hakujali fomu. Alikuwa muuguzi msaidizi wa zamu za alfajiri, mwembamba, mwenye mdomo. "Nikija na paka je?" alimwuliza Corwin juu ya uzio.

"Paka atasimama. Viti vimekwisha."

"Wewe baba, Mungu akupe maisha marefu na mkeo akupe ruhusa ya kula nyama." Kisha akaacha kucheka. "Corwin, mwaka jana nililala nao ndani ya beseni la kuogea, nimewafunika kwa godoro. Nilikuwa nahesabu pumzi zao. Sitaweza tena."

"Hutalala kwenye beseni tena. Nimesema nafasi ipo, ipo."

Jumamosi saa sita mchana, mji ule hujaribu ving'ora vyake. Mbwa hulia, watu hutazama saa zao, mtoto mchanga huamka, na maisha huendelea. Jumamosi hiyo ya kwanza Corwin alikuwa gereji akitia hewa tairi. King'ora kilipopanda, kifuniko cha sanduku, ambacho alikuwa amekiacha wazi ili harufu ya rangi itoke, kilitembea kwenye reli yake taratibu, bila kukwaruza, kikafunga. Kisha akasikia makomeo matatu ya ndani yakijisukuma, moja baada ya jingine. Ta. Ta. Ta.

Alisimama akiwa ameshika pampu. King'ora kikashuka, kikanyamaza. Corwin, ambaye kwa miaka ishirini na sita ametafuta sababu ya kila mlio wa kila basi, alijiambia kwamba sakafu imeinama. Akapima kwa pimamaji. Sakafu ilikuwa sawa kama meza ya biliadi. Akatumia ufunguo wa nje kukifungua, na kilipofunguka hakukunuka rangi. Kulinuka mafuta ya taa, na udongo mbichi, na chini yake kitu kitamu kilichooza, kama mtungi wa pichi uliopasuka kabatini ukasahauliwa.

Hakumwambia mtu. Jumatatu cheti cha usajili kikaja kwa posta, chenye muhuri na saini. Anwani sahihi. Jina sahihi. Wakaaji: sita.

Alipiga simu. "Bi Priddy, niliandika watatu."

"Mfumo unasema sita."

"Nani hao wengine?"

"Bwana Haskett, mfumo hauandiki watu wasiokuwepo."

"Basi, vyema," alisema Corwin, akiona upenyo. "Andika hao watatu wa zaidi ni Tressa na pacha wake."

Vidole viligonga vibonye kwa muda. "Inakuja tisa. Sanduku lako ni la sita. Siwezi kuongeza mtu." Akakohoa kidogo, kwa huruma ya kiofisi. "Mmejaa."

*

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya Marvene. Mashine yake ya kukaushia nguo imo gereji, na alikuwa akikunja shuka, akisahau kabisa saa, mpaka king'ora kilipoanza. Akasikia kifuniko kikitembea nyuma yake. Akageuka. Kilikuwa kimefunga, na kutoka chini ya chuma kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, wa taratibu, kama mtu anayegonga kwa kifundo cha kidole ili asimwamshe mgonjwa; na kwa kuwa Marvene amefanya kazi jiko la shule maisha yake yote na amezoea watoto kujificha kila mahali, wazo lake la kwanza lilikuwa pacha wa Tressa, na wazo hilo lilimpeleka mpaka sakafuni, shavu juu ya kifuniko chenye baridi isiyo ya Aprili, akinong'ona, "Nani yumo? Ni wewe, mpenzi? Usiogope, nakufungulia."

Mlio ukaacha.

Sauti ya mwanamume, ya karibu sana, ya mtu aliyeweka mdomo wake upande wa pili wa chuma kile kile, ikasema: "Humu tumejaa."

Marvene alipoingia jikoni alikuwa bado na shuka mkononi. Corwin alikuwa mezani na mama yake. Maharage na mkate wa mahindi vilikuwa vimepakuliwa, na bamia za kukaanga katikati.

"Kuna mtu chini," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanamume. Amesema humu tumejaa."

Kikombe cha Mama Opaline kilimponyoka mezani, kikalala ubavu, chai ikatembea kwenye kitambaa. Hakuna aliyeipangusa.

"Alisema hivyo hivyo?" aliuliza bibi. "Maneno hayo hayo?"

"Mama, unajua nini?" Corwin alisema.

Aliwaeleza. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma barua aliyoiandika zamani na kuirudia kila usiku.

"Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa wapangaji wa Orville Stamm, kibanda chetu upande wa pili wa barabara ya vumbi. Sisi hatukuwa na shimo. Stamm alikuwa nalo, la mawe, la watu kumi, na rafu za mitungi ya pichi pande zote. Na desturi mnaijua: shimo halitiwi komeo mpaka jirani wa mwisho afike. Hata kama ni adui yako. Ugomvi mtaendelea nao kesho, mkiwa hai."

"Naijua, Mama."

"Babu yako mzaa mama alikuwa amempiga Stamm ngumi nje ya kanisa. Ugomvi juu ya nyumbu. Wiki ile ile. Chamchela alipokuja, baba hakuwepo, alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta. Mama alimbeba Wade, mdogo wangu, mimi akanishika mkono. Tuligonga. Stamm akasema, 'Humu tumejaa.' Walikuwa watatu, Corwin. Yeye, na mkewe Hettie, na Fern. Fern tulikaa deski moja. Nilimsikia akisema, 'Baba, nafasi ipo.' Kisha nikasikia komeo."

Marvene alikaa.

"Tukalala mtaroni. Upepo ulimchukua Wade mikononi mwa mama. Alibaki na kiatu kimoja. Asubuhi wanaume walikuja na makoleo. Nyumba ya Stamm ilikuwa imelala juu ya shimo lake. Wakamwuliza mama, 'Kina Stamm wamo chini?' Mama akakitazama kile kiatu. Akasema, 'Hawamo. Walikwenda Arkansas juzi.' Wakapita. Siku ile kulikuwa na mashimo mengi ya kufukua. Na miaka ile watu walihama bila kuaga. Hakuna aliyeuliza tena."

"Wewe ulijua," alisema Corwin, polepole.

"Nilikuwa nimesimama pale. Nilisikia wakigonga."

Bibi alikiinua kikombe, akakisimamisha.

"Walisikika siku tatu," aliendelea. "Kila siku nilikwenda kusikiliza kama bado. Siku ya kwanza sikusema kwa sababu nilimwogopa mama. Siku ya pili nilimwonea huruma. Siku ya tatu niliogopa wataniuliza kwa nini sikusema siku ya kwanza. Na siku hiyo ya tatu, mwanangu, haijaisha."

*

Mchungaji alikuja Jumatatu, akaomba akiwa amesimama mbali na kifuniko kama mtu anayemsalimu mbwa asiyemjua, akaondoka na bamia. Dutch alisema anaweza kuling'oa sanduku, lakini orodha yake ni ya wiki tatu. Msimu ndio huu, kila mtu anataka kuingia ardhini. Corwin aliandika barua kwa kaunti kwamba huenda kuna mabaki ya watu chini ya gereji yake. Kaunti ikajibu haraka isivyo kawaida yake, ikaomba namba ya kibali cha ujenzi.

Tressa wakamwambia kifuniko kina hitilafu. "Bora hitilafu ya chuma kuliko beseni," alijibu.

Alhamisi mbingu ziligeuka kijani.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado mahali fulani nyuma ya ile rangi, na mtabiri wa hali ya hewa wa televisheni alikuwa amevua koti, na watu wa nchi ile wanajua kwamba mtabiri akivua koti, mambo yamekuwa mabaya. Akataja barabara. Akataja barabara ya pili. Akataja Pikani. "Kama unakaa hapo," alisema bila haraka, "kaa chini ya ardhi, sasa hivi." Ving'ora vikaanza, na safari hii hakuna aliyetazama saa.

Tressa alikuja akikimbia kupitia uzio, pacha mmoja kila kwapa, bila viatu. Corwin alikuwa tayari gereji, pamoja na Marvene na mama yake, na lango kubwa la gereji lilikuwa wazi kwa ajili yao, na kupitia lango hilo ungeweza kuona mwisho wa mtaa, na mwisho wa mtaa haukuwepo. Palikuwa na ukuta mweusi unaotembea, wenye vitu vidogo vyeupe vikizunguka ndani yake, na vitu hivyo vidogo vilikuwa milango na friji na magari ya watu.

Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Corwin aligeuza ufunguo wa nje. Ulizunguka, ukarudi wenyewe.

"Fungua!" alipiga kelele Tressa. "Baba, fungua!"

Corwin alichukua mtaimbo, akauchomeka ukingoni, akauning'inia kwa uzito wake wote, na chuma kikalia bila kusogea, na chini ya mlio wa chuma, na chini ya mlio wa king'ora, na chini ya ule mngurumo mwingine uliokuwa umeanza kutetemesha meno yao vinywani, wote waliisikia sauti ile, tulivu, ya mtu asiye na haraka kwa sababu yeye tayari yuko salama: "Humu tumejaa."

Pacha mmoja akaanza kulia. Tressa alimtazama Corwin. "Nani huyo? Umempa nani nafasi zetu?"

Mama Opaline ndiye aliyesogea. Aliacha kigari, akajishusha kwa ukingo wa mashine ya kukaushia nguo, nyonga mbaya kwanza, mpaka akawa amelala sakafuni kama alivyolala Marvene, mdomo juu ya chuma.

"Bwana Stamm," alisema. "Ni Opaline, binti wa Lutie. Wa ng'ambo ya barabara."

Mtaimbo ulianguka.

"Mama yangu alisema hamumo. Mlikuwamo. Niliwasikia siku tatu na sikusema. Wewe ulituambia mmejaa, nasi tukawaambia watu hamumo, na wote tulikuwa waongo, na sasa tumelipana. Hawa hawakukukosea kitu. Hawa walikuwa hawajazaliwa siku ile." Alivuta pumzi, vumbi lilikuwa limeanza kuingia, na majani, na kipande cha paa la mtu. "Leo wakiniuliza, nitasema. Naapa kwa kiatu cha Wade. Nitawataja kwa majina. Bi Hettie, unanisikia? Fern?"

Kisha sauti nyingine, ndogo, ya mtoto aliyelazwa muda mrefu na bado ana adabu:

"Baba. Nafasi ipo."

Ta. Ta. Ta. Kifuniko kikatembea.

Harufu ya mafuta ya taa iliwapiga usoni, na hakuna aliyeijali. Pacha wa kwanza, pacha wa pili, Tressa, Marvene. Corwin alishuka ngazi nusu, akageuka, akanyoosha mikono yake yote miwili kumpokea mama yake. Alikuwa karibu. Ncha za vidole vyao ziligusana. Halafu kifuniko kilimpita juu ya kichwa, kikafunga, na akabaki gizani akigonga kwa ngumi zote mbili.

Mpaka leo Corwin anasema kifuniko kilijifunga chenyewe. Mama Opaline hasemi kitu. Ila kigari chake kilikutwa baadaye, mguu mmoja umepinda, umebanwa kwenye reli upande wa nje, kwa namna ambayo upepo, hata ule, si rahisi kuifanya.

*

Mtaro wa barabara uko hatua ishirini kutoka kwenye lango la gereji. Mama Opaline alitambaa. Alilala kifudifudi kwenye maji ya mvua na vikopo vya soda, mikono juu ya kisogo, kama alivyofundishwa, na mara hii mikononi hakuwa na mtoto wa kunyang'anywa. Chamchela alipita juu yake akikokota nyumba ishirini na mbili.

Walipomkuta alikuwa ameketi ukingoni, mweusi kwa tope, macho tu yakionekana. Nyumba ya Corwin ilikuwa imekaa juu ya gereji yake: paa, matofali, basi moja la shule ambalo halikuwa la mtaa ule. Kijana wa zimamoto mwenye kompyuta ndogo ya mkononi alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, unaumwa? Kuna mtu chini pale?"

Lilikuwa swali lile lile. Hata neno la mwisho lilipandishwa vile vile. Aliutazama mkono wake, kama anatafuta kiatu.

"Wamo," alisema.

"Orodha inasema sita."

"Mimi si mmoja wao. Andika wanane."

"Bibi, sanduku ni la—"

"Andika wanane, mwanangu! Watano wanapumua. Anza na hao."

Walichimba saa tatu. Walitoka pacha, Tressa, Marvene, na mwisho Corwin, mikono yake imevimba, akamwona mama yake kwenye blanketi la zimamoto, akakaa chini barabarani akalia kama mtoto. Tressa alimkumbatia bibi kizee bila kusema neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Gari la wagonjwa lilimngoja. Hakupanda.

"Wamebaki watatu," alimwambia mkuu wa zimamoto. "Chini ya sanduku. Orville Stamm. Hettie Stamm. Fern Stamm, miaka minane. Andika."

Mkuu wa zimamoto alikuwa mtu mzima mwenye bibi yake mwenyewe. Aliandika.

Waliwatoa siku ya nne, kwa mashine ya Dutch, ambaye safari hii hakutania. Walikuwa futi tatu kando ya sanduku, nyuma ya ukuta wa mawe, katikati ya vioo vya mitungi: wawili wakubwa wameegemea mlango, mdogo mbali nao kidogo, peke yake, kwenye benchi lenye nafasi ya watu saba wengine. Kaunti ilihangaika sana. Kulikuwa na fomu ya waliopotea katika tufani ile ya mwaka arobaini na tisa, lakini muda wake wa kujazwa ulikwisha mwaka wa hamsini. Mwishowe walizikwa kwa kibali cha kuhamisha makaburi, ingawa hawakuwahi kuwa na kaburi. Opaline alisimama muda wote wa mazishi. Mchungaji alikaribia zaidi.

Sanduku lenyewe halikuwa na mkwaruzo. Kina Haskett walipanga nyumba ndogo karibu na mtambo wa nafaka, na kila Jumamosi walirudi kwenye sakafu tupu ya zege kuchambua kilichobaki. Corwin alisajili upya, kama anavyotakiwa mtu baada ya maafa. Aliandika watatu. Cheti kilikuja kimeandikwa wanne. Hakupiga simu. Mama yake alikisoma, akakikunja, akakitia ndani ya Biblia yake.

"Mfumo hauandiki watu wasiokuwepo," alisema, akafunga kitabu.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, juani, kando ya kifuniko kilichofungwa. Corwin na Marvene walikuwa mbali, wakibishana kama sahani iliyopatikana kwenye mti ni yao. Saa sita ikafika. King'ora kikapanda. Mbwa wote wa Pruett waliosalia wakalia.

Kifuniko kikatembea kwenye reli yake, taratibu, mpaka mwisho, wazi.

Hakukuwa na harufu ya mafuta. Kulikuwa na harufu ya pichi tu, mbivu, za mwaka huo huo. Na sauti ndogo, yenye adabu, kutoka kwenye giza la mabenchi:

"Opaline. Nafasi ipo."

"Jumamosi ijayo, Fern," alisema Mama Opaline, akirekebisha blanketi magotini. "Leo nyumbani kuna maharage."

"Mama!" Corwin aliita kutoka kwenye vifusi. "Unaongea na nani?"

"Na jirani."

King'ora kilishuka, kikafa. Mbwa wakanyamaza mmoja mmoja. Alingoja kifuniko kirudi mahali pake. Hakikurudi. Kilibaki wazi, kikimngoja.